Maktaba ya C kwenye prosesa tofauti: usiiamini `char` tupu

Ukiandika maktaba ndogo ya C itakayotumika kwenye prosesa za aina nyingi, anza na `char`, aina ya data ya baiti moja. Kwenye Linux ya x86-64 (prosesa za Intel na AMD) hubeba namba hasi; kwenye Linux ya ARM haibebi, kwa hiyo sharti `c < 0` halitimii kamwe huko. Andika `signed char` (yenye hasi) au `uint8_t` (isiyo na hasi) waziwazi.

Namba za kwenye faili zisome baiti moja moja, `p[0] | p[1] << 8`. Kugeuza pointa kuwa `uint32_t *`, ili usome baiti nne kwa mpigo, ni hatari kweli: mpangilio wa baiti hutofautiana, na baadhi ya prosesa hukataa anwani isiyogawanyika kwa 4.

Kisha endesha majaribio yako ndani ya QEMU, programu ya kuiga prosesa nyingine, ukiiga s390x, prosesa ya kompyuta kubwa za IBM. Hiyo hutanguliza baiti yenye uzito mkubwa zaidi (big-endian), na `char` yake pia haina hasi, hivyo makosa ya `char` na ya mpangilio wa baiti hujitokeza hapo.