Kisima kikinuka petroli: hatua za kuyasafisha maji, na chupa iliyonipotezea wiki mbili

Nimetoka kumsaidia mama mmoja wa Makorora, hapa Tanga, ambaye kisima chake kimeingiliwa na petroli ya tangi la zamani lililozikwa jirani. Mwamba wetu ni wa matumbawe, una nyufa na matundu, kwa hiyo kinachomwagika ardhini husafiri haraka. Naandika nikiwa bado nakumbuka kila kitu.

Hatua ya 1: Acha kuyatumia

Si kunywa tu, hata kuoga maji ya moto ndani ya bafu lililofungwa. Ndani ya petroli mna benzeni, inayosababisha saratani ya damu, nayo hupanda pamoja na mvuke. Ndiyo maana sikubali ushauri wa kuchemsha: unaitoa sufuriani na kuipeleka kwenye mapafu ya anayepika. Klorini inaua vijidudu, petroli haiigusi. Toa taarifa NEMC, yaani baraza la taifa la mazingira, na Bodi ya Maji Bonde la Pangani, kwa sababu tangi likiendelea kuvuja kazi yote inayofuata haitaisha.

Hatua ya 2: Chukua sampuli

Hapa ndipo nilipokwama. Mara ya kwanza nilijaza chupa ya maji ya dukani, nikaacha nafasi kidogo juu, nikaipandisha basi la Dar es Salaam. Majibu yakaja: hakuna kitu. Nikampelekea mama karatasi kwa furaha. Akanitazama, akasema, "Mwanangu, mbona chai bado inanuka?"

Mama alikuwa sahihi. Benzeni hutoroka upesi kutoka majini kuingia hewani. Ile nafasi ya juu iliivuta, joto la njiani likasaidia, na kifuniko kilipofunguliwa kule maabara, benzeni ikaondoka.

Sasa nafanya hivi. Omba maabara vichupa vya kioo vya mililita 40, vyenye kifuniko cha mpira uliofunikwa Teflon. Usichote kwa ndoo ukamimina, maji yakiruka yanapoteza kile unachokitafuta. Tumia bomba la kuchotea lenye valvu chini, lishushe taratibu, kisha acha maji yateleze ubavuni mwa kichupa mpaka yavimbe juu ya mdomo. Funga. Kigeuze kichwa chini, kigonge kwa kidole, kiangalie kwenye mwanga. Ukiona kiputo kinapanda, mwaga, anza upya na kichupa kingine. Chukua viwili au vitatu kwa kila sehemu.

Maabara nyingi huweka matone ya asidi ndani ya kichupa ili bakteria wasiile benzeni njiani. Kwa maji yetu ya chokaa, jihadhari. Kichupa changu cha pili kilipojaa, viputo vidogo vya hewa vilianza kupanda kama soda iliyofunguliwa: asidi ilikutana na chokaa, ikatoa gesi, na gesi ile inaondoka na benzeni. Maji yakitoa viputo hivyo, chukua vichupa visivyo na asidi na uwaambie maabara wapime ndani ya siku 7 badala ya 14.

Vipange ndani ya deli lenye barafu (mimi nanunua ya wavuvi, kule Deep Sea), lakini visigande, vitapasuka. Weka pia kichupa kimoja cha maji safi kisafiri pamoja navyo. Kikirudi na benzeni, ujue imeingilia njiani. Na usivifunge kwenye pikipiki, mvuke wa tangi lake unatosha kuharibu majibu.

Kikomo cha Shirika la Afya Duniani kwa benzeni ni mikrogramu 10 kwa lita. Maji yanaweza kukizidi mara nyingi bila pua kugundua, kwa hiyo harufu ikiisha usishangilie.

Hatua ya 3: Mnara wa hewa

Kazi ya mnara ni kuifanya benzeni itoke majini na kuondoka na hewa. Bomba la PVC la inchi 6, urefu mita 2.5, lisimame wima. Lijaze vipande vya bomba dogo la plastiki. Maji yanyunyizwe juu, lita 10 kwa dakika, blowa isukume hewa kutoka chini, angalau lita 300 kwa dakika. Wengine wanatumbukiza mpira wa hewa ndani ya tenki. Mimi sipendi, viputo vikubwa hupanda haraka mno. Hewa chafu itokee juu ya paa, mbali na madirisha na jiko.

Hewa inatoa pia kaboni dayoksaidi, hivyo chokaa hugandia vipande. Vikianza kuwa vyeupe, vitoe uvioshe kwa siki.

Hatua ya 4: Mkaa amilifu

Maji yakitoka mnarani yapite mapipa mawili yanayofuatana ili benzeni iliyobaki inaswe, kila moja lita 100 za mkaa amilifu wa vifuu vya nazi. Mkaa wa kupikia haufai, hauna vile vitundu vidogo vya kunasa. Kwa mtiririko ule ule, maji yanakaa dakika 10 katika kila pipa.

Hatua ya 5: Pima tena

Pima kati ya mapipa, si mwishoni tu. Benzeni ikionekana hapo, pipa la kwanza limeshiba: litoe, la pili lichukue nafasi yake, jipya liwekwe nyuma. Maji ya mama yamepimwa kwa vichupa visivyo na kiputo, na hayajapita kikomo. Mwezi ujao narudi na deli.