Joho la mahafali: likague siku unayolichukua

Wanaohitimu ualimu hapa Moshi, msingoje asubuhi ya mahafali ndipo mfungue mfuko wa joho. Livae siku ileile unapokabidhiwa. Pindo liishie katikati ya muundi; likigusa viatu utalikanyaga ukipanda ngazi za jukwaa. Mikunjo itoe kwa pasi ya joto dogo, joho limegeuzwa ndani nje, kitambaa cha pamba juu yake. Mengi ni ya poliesta, na pasi kali huacha alama ya kung'aa isiyotoka.

Kinachosumbua kuliko vyote ni skafu ya shingoni. Kile kitanzi kidogo cha mbele huingia kwenye kifungo cha shati, ndicho kinachoishikilia. Dada aliyevaa gauni lisilo na vifungo ataona skafu ikirudi nyuma na kumkaba koo kutwa nzima. Dawa yake ni pini 2, moja kila bega, zikishika skafu na joho kwa upande wa ndani.

Kofia huvaliwa ubao ukiwa sawasawa, ncha moja mbele. Msuko wenye fundo utosini hauiruhusu ikae, kwa hiyo suka mistari ya kulala.

Mvua za vuli zikiwa zimenyesha, visigino vyembamba huzama kwenye nyasi.

Na jina! Lilinganishe kwenye orodha ya wahitimu na cheti chako cha kidato cha nne, herufi kwa herufi. Masawe na Massawe ni majina mawili mbele ya mwajiri, na kurekebisha kabla cheti hakijachapwa ni rahisi mno kuliko baadaye.