Depo, vijiti na VVU: kuweka kinga mbili kwenye kalenda moja ya kazi

Kwa miaka mingi sindano ya uzazi wa mpango ya DMPA, maarufu kama Depo, ilishukiwa kumweka mwanamke katika hatari zaidi ya kupata VVU. Utafiti wa ECHO uliwafuatilia wanawake 7,829 Afrika Kusini, Kenya, Zambia na Eswatini, na majibu yakatoka Juni 2019: kati ya Depo, kitanzi cha shaba kinachowekwa ndani ya mfuko wa uzazi na vijiti vya homoni ya levonorgestreli vinavyowekwa chini ya ngozi ya mkono, haikuonekana tofauti kubwa ya maambukizi. Shirika la Afya Duniani likaondoa tahadhari yake Agosti hiyohiyo. La kutisha lilikuwa jingine: kwa jumla, karibu wanawake 4 kati ya 100 waliambukizwa kila mwaka. Usiache sindano kwa kuogopa VVU, wala usiihesabu kuwa kinga ya VVU.

Ili kupanga kinga ya mimba na ya VVU pamoja, anza na zamu zako za kazi. Anayebadilisha mchana na usiku asichague vidonge vya uzazi wa mpango vya aina ya zamani vyenye homoni ya projestini pekee, maana ukichelewa zaidi ya saa 3 tayari umeruka dozi. Sindano, vijiti au kitanzi havijali saa uliyoamka.

Ukichagua Depo, hurudiwa kila wiki 13. Ukichelewa hadi wiki 4 bado unachomwa bila masharti ya ziada. Baada ya hapo mhudumu atahakikisha kwanza huna mimba, na utatumia kondomu siku 7. Sindano nyingine ya uzazi wa mpango, NET-EN, ni ya wiki 8, na muda wake wa kuchelewa ni wiki 2 tu. Hizi mbili huchanganywa sana, kwa hiyo hakikisha jina la dawa limeandikwa kwenye kadi yako, si tarehe peke yake.

Sasa PrEP, dawa ya kujikinga na VVU kabla ya kukutana navyo. Ya vidonge hunywewa kimoja kila siku, baada ya kupima na kuthibitika huna virusi. Siku 7 za mwanzo endelea na kondomu. Kurukaruka dozi humgharimu zaidi mwanamke, kwa sababu dawa hii hujikusanya kidogo ukeni. Haigombani na homoni za uzazi wa mpango. Ukishazoea, kipimo cha VVU hurudiwa kila miezi 3, yaani karibu sawa na Depo, hivyo ruhusa moja kazini inatosha kwa yote mawili. Mtego ni huu: chupa 3 za vidonge 30 ni siku 90, ilhali wiki 13 ni siku 91. Nenda wiki moja mapema. Depo inaruhusu kuwahi hadi wiki 2.

Anayeishi na VVU aulize jambo moja kabla ya kuwekewa vijiti: je, dawa zangu zina efavirenzi? Efavirenzi hupunguza sana homoni ya vijiti mwilini, na mimba hutokea kijiti kikiwa bado mkononi. Rifampisini ya kifua kikuu hufanya vivyo hivyo. Depo haitikiswi na efavirenzi, na dolutegraviri, dawa nyingine ya VVU, haina tatizo hilo kwa vijiti.

Kondomu ikipasuka, hesabu mbili tofauti za muda zinaanza: ya VVU na ya mimba. PEP, dawa ya kuzuia VVU baada ya kuwa hatarini, lazima ianze ndani ya saa 72, mapema ndiyo bora, na hunywewa siku 28 bila kukatisha. Kidonge cha dharura cha levonorgestreli miligramu 1.5 kinaweza kutumika hadi siku 5, ila nguvu yake hupungua kila siku. Kitanzi cha shaba ndani ya siku hizo 5 kinafanya kazi vizuri zaidi. Kama Depo yako haijapitwa na muda, huhitaji kidonge hicho, lakini PEP unaihitaji vilevile. Wengi hukosea hapo: wanapita duka la dawa, wananunua kidonge, wanarudi kazini, na saa 72 zinaisha.