Kabla Hujachomeka Waya wa Intaneti kwenye Kompyuta ya Pili

Kompyuta ya pili ikigoma kupata intaneti, anza na ya kwanza. Kama nayo haina intaneti, tatizo haliko kwenye ya pili; wapigie wanaokupa huduma.

Angalia taa pale waya unapoingia. Kama haiwaki, usipoteze muda kwenye mipangilio. Chukua waya wa kompyuta inayofanya kazi, uujaribu kwenye ile iliyogoma. Sukuma kichwa cha waya mpaka kilie "ta". Kikucha chake cha plastiki kikivunjika, weka kichwa kipya, maana kitakuwa kinachomoka kidogokidogo bila wewe kujua. Taa ikiwaka lakini kasi ikigota kwenye megabiti 100, shuku waya: ndani yake mna nyuzi 8, na gigabiti 1 inazitaka zote. Nyuzi 4 zinatosha kwa 100 tu.

Kwenye ruta, kile kifaa kinachogawa intaneti kwa kompyuta zako, tundu lililoandikwa WAN ni la intaneti inayoingia. Kompyuta zote ziende kwenye matundu ya LAN, yaani ya mtandao wa ndani. Na kama una modemu peke yake, kifaa kinacholeta intaneti ya kampuni nyumbani, swichi (kisanduku cha kuongeza matundu) haitakusaidia, kwa sababu modemu nyingi hutoa anwani moja tu, yaani namba inayoitambulisha kompyuta kwenye mtandao. Hapo unahitaji ruta.

Sasa sikiliza hili la ruta ya zamani. Matundu yangu yalijaa, nikaitoa ruta kuukuu kabatini ili igawe waya. Nikaunganisha LAN kwa LAN, kompyuta ya pili nikaichomeka hapo. Jioni ile ikafanya kazi vizuri. Asubuhi haina intaneti. Nikaizima na kuiwasha, ikarudi. Mchana ile ya kwanza, ambayo haijawahi kunisumbua, nayo ikakatika. Nikabadilisha waya mara tatu. Nikaondoa programu ya kadi ya mtandao na kuiweka upya. Siku ya nne mdogo wangu alikuwa anatuma maombi ya kazi, siku ya mwisho ya kupokelewa, na ukurasa ukaganda kabla hajamaliza. Alikaa kimya akiangalia kile kiduara kinavyozunguka. Hakuwahi.

Usiku ule ndipo nilipofungua dirisha la amri na kuandika ipconfig, amri inayoonyesha anwani ya kompyuta, kitu ambacho ningefanya siku ya kwanza. Kompyuta moja ilikuwa na anwani inayoanza na 192.168.1, nyingine 192.168.0. Ruta zote mbili zilikuwa zinagawa anwani! Kompyuta ikiwaka huuliza nani ataipa anwani, na anayewahi kujibu ndiye anayesikilizwa. Ikiwahi ruta ya zamani, kompyuta inaambiwa njia ya kutokea ni hapo, wakati hapo hakuna intaneti yoyote.

Kwa hiyo kabla hujaiunganisha ruta ya namna hiyo, ichomeke kwenye kompyuta peke yake, ingia kwenye mipangilio yake, zima DHCP (kazi yake ya kugawa anwani), kisha ipe anwani isiyotumiwa na kifaa kingine, mfano 192.168.1.2 kama ruta kuu ni 192.168.1.1. Hutaki kazi hiyo? Nunua swichi ya kawaida, haigawi anwani.

Ukiona anwani inayoanza na 169.254, ujue hakuna aliyeijibu kompyuta. Rudi kwenye waya na ruta. Anwani ikiwa sawa, piga ping (amri ya kuuliza kifaa kama kinajibu) kwa ruta, halafu kwa 8.8.8.8, seva ya Google iliyoko kwenye intaneti. Namba zikijibu lakini tovuti hazifunguki kwa majina, tazama DNS, mfumo unaogeuza majina ya tovuti kuwa namba.

Usinakili anwani ya kompyuta moja kuiandika kwenye nyingine, zitanyang'anyana. Usichomeke ncha zote mbili za waya mmoja kwenye swichi moja, nyumba nzima itakosa mtandao. Waya usipite chini ya mlango unaofungwa na kufunguliwa kila saa. Na kile kitundu cha kurudisha ruta kwenye mipangilio ya kiwandani usikitie sindano kabla hujaandika pembeni jina na nenosiri la huduma yako, maana vikifutika hata kompyuta ya kwanza itabaki bila intaneti.