Somo: Kukusanya na Kupiga Picha Sarafu za Kale za Ugiriki, Tukianzia Upande wa Nyuma

Sarafu zinazozungumziwa hapa ni zile zilizogongwa katika miji ya Wagiriki kabla ya uvamizi wa Waajemi wa mwaka 480 KK, na nyingi kati yake hutambulika mara moja kwa upande wake wa nyuma. Fundi aliweka kipande cha fedha juu ya muhuri uliokazwa kwenye fuawe, akaweka tindo juu yake, kisha akaligonga kwa nyundo. Picha ikainuka upande wa mbele, na shimo la tindo likabaki nyuma. Wakusanyaji wapya huitazama picha na kulipuuza shimo. Katika somo hili ununuzi, uhakiki na upigaji picha vyote vinaanzia kwenye shimo hilo.

Hatua ya kwanza ni kuchagua kundi moja na kulijua vizuri. Ninapendekeza mojawapo ya haya mawili. La kwanza ni stateri (sarafu kubwa za fedha za Wagiriki) za kisiwa cha Aegina, zenye picha ya kasa na uzito wa gramu 12 na ushei. Kasa huyo hakubadilika sana kwa miongo mingi, lakini mraba wa nyuma, yaani alama ya shimo la tindo, ulibadilika: wa mapema umegawanyika katika pembetatu nyingi, na wa baadaye una vyumba vitano vilivyokaa mshazari, hivyo anayejua kuusoma anaweza kukadiria umri wa sarafu hata kama mgongo wa kasa umelika kabisa. (Kasa alikuja kumpisha kobe wa nchi kavu katika karne ya 5 KK, lakini hapo tumeshatoka katika kipindi chetu.) La pili ni stateri za Wagiriki wa kusini mwa Italia, katika miji kama Metapontum, Sybaris na Kaulonia, zenye gramu 8 hivi. Hizi nyuma hazina shimo tupu, bali zina picha ileile ya mbele ikiwa imebonyea ndani. Metapontum walitumia suke la shayiri. Sybaris, mji ulioangamizwa mwaka 510 KK, walitumia fahali anayegeuza kichwa nyuma. Kwa macho yangu hakuna sarafu nzuri kuliko hizi, na hakuna zinazomtesa mpiga picha kuliko hizi.

Hatua ya pili ni uhakiki. Pima uzito kwa mizani inayosoma hadi sehemu ya mia ya gramu, kisha kagua ukingo kwa kioo cha kukuza mara 10. Sarafu iliyogongwa mara nyingi huwa na nyufa ndogo ukingoni, na kila moja hupasuka kwa namna yake. Ukikuta sarafu mbili zenye ufa uleule mahali palepale, angalau moja imemiminwa kwenye kalibu. Vijishimo vya mapovu na mstari wa kiungo unaozunguka ukingo ni dalili nyingine. Tazama pia ndani ya shimo la tindo, kwa sababu hapo sarafu hailiki upesi: kona zake zinapaswa kuwa kali, si laini kama za sabuni iliyotumika.

Hatua ya tatu ni nyaraka. Sheria za Ugiriki, Italia na Uturuki hulinda vitu vya kale vinavyofukuliwa ardhini, na makumbusho mengi hutumia mwaka wa mkataba wa UNESCO dhidi ya biashara haramu ya vitu vya kale, yaani 1970, kama mpaka wa kupokea au kukataa kitu. Usinunue sarafu isiyo na historia ya umiliki. Picha iliyochapishwa katika orodha ya mnada wa zamani, yenye nyufa zilezile za ukingo, ni ushahidi mzuri kuliko maneno ya muuzaji.

Hatua ya nne ni picha. Kamera itazame chini kutoka kwenye stendi isiyotikisika, lenzi ikiwa sambamba na uso wa sarafu. Weka sarafu juu ya kizibo chembamba kuliko sarafu yenyewe, ili iinuke sentimita kadhaa juu ya karatasi na kivuli chake kipotee. Tumia tundu la lenzi la f/8 au f/11 (namba ikikua, tundu huwa dogo), ISO 100 (kipimo cha kamera kuhisi mwanga) na kipima muda. Ukilibana tundu kupita f/16, picha hupoteza ukali. Taa moja iliyofunikwa kwa karatasi ya kalki ikae juu kushoto, mahali ilipo namba 10 au 11 kwenye uso wa saa ya mshale, na kadi nyeupe ikae upande wa pili. Taa ikishushwa sana, shimo la nyuma huwa jeusi tupu. Ipandishe taratibu mpaka sakafu ya shimo ionekane, huku ukuta mmoja ukibaki na kivuli. Katalogi za zamani za British Museum zilikwepa mng'ao wa fedha kwa kupiga picha nakala za plasta.

Maswali ya wanachama

Swali: Shikamoo mwalimu. Kila anayeitazama picha yangu ya Metapontum anasema suke limeinuka pande zote mbili. Tatizo liko wapi?

Jibu: Marahaba. Inaelekea uliizungusha picha kwenye kompyuta ili suke lisimame. Jicho huchukulia kwamba mwanga unatoka juu. Picha ikipinduliwa, mwanga unakuwa unatoka chini, na kilichobonyea kinaonekana kimeinuka. Zungusha sarafu yenyewe chini ya kamera, usiguse taa, kisha piga upya. Utata ukibaki, sogeza kadi nyeupe mbali kidogo, kwa maana kivuli kilichofutwa kabisa hakimwachii mtazamaji dalili yoyote.

Swali: Kasa wangu ni mweusi. Nimsugue kwa ndimu na majivu?

Jibu: Hapana. Majivu yataacha mikwaruzo, na weusi huo huonyesha maumbo vizuri kwenye picha.

Swali: Ndugu mwalimu, sarafu yangu ina mkato wa patasi mgongoni mwa kasa. Je, imeharibiwa hivi karibuni?

Jibu: Tazama kama mkato una rangi ileile iliyokomaa kama sehemu nyingine. Watu wa kale walikata sarafu ili kujua kama ni fedha mpaka ndani au ni shaba iliyovishwa fedha. Piga picha ya ziada ya mkato huo, mwanga ukiupita kwa kukingama, ili mnunuzi aone kiini chake. Wekundu au ukijani humo ndani ni ishara ya shaba.