Kudai matunzo wakati wa talaka: uanzie wapi, upeleke nini, na nani akusaidie bila hela ya wakili

Ndoa ikishafika mwisho akili ya kila mtu inahamia kwenye nyumba na kiwanja, nani abaki wapi, gari la nani, matunzo, yaani hela ya matumizi, yanakuja kukumbukwa hukumu ishatoka na hakuna aliyeyaomba. Na hakimu hakupi kitu ambacho hukukiomba. Ndio maana naandika hii, hasa kwa akina mama wa Tanzania Bara waliokaa nyumbani miaka wakilea na sasa wanaambiwa wafungashe.

Tenganisha mambo matatu kwanza maana watu wanayachanganya sana. Kuna mgawanyo wa mali mlizochuma pamoja, kuna matunzo ya watoto, alafu kuna matunzo yako wewe mwenyewe. Yote matatu unaweza kuyaweka kwenye shauri moja la talaka ila kila moja lina maelezo yake na ushahidi wake, kwahiyo ukiandika tu "naomba haki zangu zote" umejinyima mwenyewe.

Mali ziko kifungu cha 114 cha Sheria ya Ndoa ya 1971. Usikubali kuambiwa kwamba hukuchangia kwa sababu hukuwa na ajira, Mahakama ya Rufani ilishasema mwaka 1983 kwenye kesi ya Bi Hawa Mohamed na Ally Sefu kwamba kazi za nyumbani ni mchango. Watoto nao wana haki yao chini ya Sheria ya Ndoa na Sheria ya Mtoto ya 2009, na hiyo haitegemei kama mlifunga ndoa au hamkufunga, mtoto ni mtoto.

Sasa matunzo yako, kifungu cha 115 cha Sheria ya Ndoa. Hapa kuna kitu wengi hawakijui kabisa: huhitaji kusubiri talaka. Mume akikataa kukuhudumia, au akikutelekeza, unaweza kwenda kudai matunzo tu bila kuomba kuachana. Kesi ikiwa inaendelea unaweza pia kuomba matunzo ya muda, na hili nalisisitiza kwa sababu kesi za ndoa zinapigwa kalenda, zinaahirishwa mara hakimu yuko likizo mara wakili wa upande wa pili anaumwa, na wewe muda wote huo unakula nini? Kodi analipa nani? Omba amri ya muda mapema kabisa, usione aibu. Na baada ya talaka pia mahakama inaweza kuamuru alipe. Mwanaume naye anaweza kupewa matunzo kutoka kwa mke kama ugonjwa au ulemavu umemfanya ashindwe kujitafutia riziki, sheria inaruhusu.

Kiasi gani? Hakuna asilimia iliyopangwa, yule anayekwambia "ni theluthi ya mshahara" anakudanganya. Kifungu cha 116 kinamwambia hakimu aangalie uwezo wa mlipaji na mahitaji ya anayelipwa, alafu azingatie pia nani alisababisha ndoa ivunjike na mila za jamii yenu. Kwahiyo kesi yako inasimama kwenye vitu viwili, uwezo wake na mahitaji yako, na vyote viwili lazima uvithibitishe wewe.

Mahitaji ni rahisi kidogo. Chukua daftari uandike mwezi mzima unatumia nini, kodi, unga, mkaa au gesi, luku, maji, nauli, dawa, na utunze risiti. Ukienda na karatasi yenye hesabu hakimu ana kitu cha kushika, ukienda na "anipe za kutosha" hana. Uwezo wake ndo mgumu, hasa kama hana mshahara, maana mtu anayeendesha biashara akifika mahakamani ghafla anakuwa maskini. Hapo ndo unahitaji ushahidi uliokusanywa kabla ugomvi haujapamba moto: taarifa ya miamala ya simu jinsi alivyokuwa anakutumia hela ya matumizi, picha za duka na leseni yake, mkataba wa wapangaji, kadi ya bodaboda, nakala ya salari slipu kama ni mwajiriwa, meseji alizoandika mwenyewe akisema anaingiza kiasi gani. Piga skrinshoti utume kwa ndugu unayemwamini, usiache vyote kwenye simu ambayo anaweza kuivunja. Mashahidi nao, jirani aliyeona unakopa unga dukani ni shahidi mzuri kuliko shangazi aliyesikia.

Kwa talaka yenyewe huwezi kuruka Baraza la Usuluhishi wa Ndoa. Linaweza kuwa la kata, la kanisani, la BAKWATA (Baraza Kuu la Waislamu Tanzania), au ofisi ya Ustawi wa Jamii. Wakishindwa kuwapatanisha wanatoa hati, na hiyo hati iwe haijazidi miezi sita siku unafungua shauri, ikizidi umerudi mwanzo. Mwenzako akigoma makusudi kuja barazani, au katoroka na hajulikani alipo, sheria inakuruhusu uende mahakamani bila hiyo hati, ila utaeleza sababu. Waislamu wa Bara angalieni, karatasi ya talaka aliyokuandikia nyumbani haitoshi peke yake kupata amri ya mahakama, baraza lipitiwe kwanza. Zanzibar sheria hii ya 1971 haitumiki, Waislamu kule wanaenda Mahakama ya Kadhi na kuna matumizi ya eda ya kudai, yaani ya kile kipindi mwanamke anachosubiri baada ya talaka, kwahiyo usichukue maelekezo ya Bara ukayapeleka Unguja.

Kama kuna kipigo usisubiri baraza, nenda Dawati la Jinsia na Watoto kituo cha polisi, upate PF3, ile fomu ya polisi ya kwenda nayo hospitali, utibiwe, na nakala za huko zitakusaidia pia kwenye kesi ya ndoa.

Mahakama ya kwenda, kwa wengi ni ya Mwanzo. Ipo karibu, mnaongea Kiswahili, na unaweza kusimama mwenyewe. Ukiwa na mali nyingi na zenye utata basi fikiria ya Wilaya ukiwa na wakili. Na mlioishi pamoja bila ndoa msikate tamaa, mkiwa mmekaa miaka miwili au zaidi na watu wanawajua kama mume na mke, kifungu cha 160 cha Sheria ya Ndoa kinawapa pa kuanzia.

Wakili huna hela? Tangu 2017 tuna Sheria ya Msaada wa Kisheria, na wapo wasaidizi wa kisheria waliosajiliwa mpaka huko wilayani. Hawa hawakusimamii mahakamani lakini watakueleza hatua na kukusaidia kuandika, na huduma ni bure, akikudai hela ondoka. Ukihitaji zaidi ya hapo wapo TAWLA (chama cha wanasheria wanawake), WLAC (kituo cha msaada wa kisheria kwa wanawake), na Kituo cha Sheria na Haki za Binadamu, na mwaka 2023 ilianzishwa Kampeni ya Msaada wa Kisheria ya Mama Samia iliyokuwa ikizunguka mikoani, ulizia ofisi ya mkoa au halmashauri kama bado wanafika kwenu. Nenda na cheti cha ndoa, vyeti vya watoto, barua ya serikali ya mtaa, ile hati ya baraza na daftari lako la matumizi. Ukifika na vitu vyote siku ya kwanza kazi inaenda, ukifika mikono mitupu unapangiwa urudi.

Akitaka muelewane nje akupe fungu zima la mara moja badala ya kila mwezi, sawa, lakini peleka makubaliano hayo mahakama iyaidhinishe, usisaini kwenye meza ya baa wala mbele ya kaka zake.

Alafu ukishashinda bado hujamaliza, wanaume wengi wanalipa miezi miwili wanaacha. Usimpigie kelele kwenye simu, rudi mahakama ileile ufungue maombi ya kukazia hukumu, yaani mahakama imlazimishe alipe, uonyeshe miezi ambayo hajalipa. Omba alipe kwa njia inayoacha kumbukumbu, benki au simu, sio mkononi, maana mkononi atasema alitoa. Ukiolewa tena matunzo yako yanakoma, ya watoto yanaendelea. Na bei zikipanda au kipato chake kikibadilika, kiasi kinaweza kuongezwa au kupunguzwa, unarudi na hesabu mpya unaomba hakimu aangalie tena.