Somo: Injini imefunguliwa, imefungwa, halafu gari halitaki kuwaka

Wiki iliyopita nililetewa Toyota IST ikivutwa kwa kamba. Injini yake ni 1NZ-FE na ilifunguliwa kwa sababu ilikuwa inakula oili. Ikawekwa ringi mpya na cheni mpya ya taimingi (inayolinganisha kufunguka kwa valvu na mwendo wa pistoni), valvu zikasagwa, hedi ikapelekwa kwa watu wa mashine kusawazishwa. Ikafungwa. Ikapigwa stata siku mbili mfululizo bila kushika. Mwenye gari alikuwa ameshanunua betri, plagi nne, koili mbili na pampu ya mafuta, na katika vile vya zamani hakuna hata kimoja kilichokuwa kibovu. Iliniuma sana, kwa sababu pesa ile ilikuwa akiba yake ya miezi.

Jambo la kushika ni hili: gari lile liliingia gereji likitembea lenyewe. Kontroli boksi (kompyuta ya injini) ilikuwa nzima, koili zilikuwa zinatoa moto (cheche za plagi), pampu ilikuwa inasukuma. Vitu hivyo havifi vyote kwa pamoja vikiwa vimelala kwenye boksi. Kilichobadilika ni kile ambacho mkono wa fundi umekigusa: kimefungwa vibaya, hakikupimwa, au kimesahauliwa. Basi tafuta huko kabla hujaenda dukani.

Kabla ya yote: acha kupiga stata

Kila unapopiga stata na injini haishiki, petroli inaosha oili kwenye kuta za silinda. Ringi mpya bado hazijakaa, kwa hiyo kompresheni (mgandamizo wa hewa ndani ya silinda) inazidi kushuka na tatizo lako linakuwa mawili. Pia kama taimingi imeruka, kwenye 1NZ-FE valvu zinagonga pistoni na kupinda. Injini za zamani kama 5A-FE zina nafasi ya kusamehe kosa hilo, hii haina.

Hatua ya 1: Izungushe kwa mkono

Toa plagi zote nne. Weka spana kwenye boliti ya puli ya krankshafti (shafti kuu inayozungushwa na pistoni), zungusha kwa upande wa saa mizunguko miwili kamili. Usirudishe nyuma, cheni inaweza kulegea upande wa tenshena (kinachokaza cheni) na ukaharibu kilichokuwa sawa.

Ikigota mahali fulani, usilazimishe. Hapo ama valvu inakutana na pistoni, ama kuna kitu kimedondokea ndani. Maji au oili iliyojaa silindani hugotesha injini pia, ila ukiwa umetoa plagi itarukia nje kupitia matundu yake. Ikiwa nzito mzunguko wote, fikiria kofia za beringi: zimebadilishana nafasi au zimegeuzwa. Hiyo inafunguliwa upya, hakuna njia ya mkato.

Hatua ya 2: Oili, kisha kompresheni

Plagi zikiwa bado nje, chomoa soketi za koili na za nozeli (zinazopulizia petroli), piga stata kwa vipindi vya sekunde kumi kumi mpaka taa ya oili izime. Injini iliyofungwa upya ni kavu ndani, na beringi zinahitaji oili kabla ya moto wa kwanza.

Hapo hapo tega sikio. Injini yenye kompresheni, ukirudisha plagi, stata inatoa sauti ya kupanda na kushuka kwa mapigo. Isiyo na kompresheni inazunguka kwa wepesi na sauti moja, kama cherehani. IST ile ilikuwa inalia hivyo, na kwa siku mbili nzima hakuna aliyeisikiliza.

Sasa chukua geji ya kompresheni. Betri iwe imejaa, pedali ya mafuta ikanyagwe mpaka chini, kila silinda ipige mara tano hivi. Injini nzuri ya petroli inasoma PSI 150 hadi 200 na zaidi kidogo. Ringi mpya zinaweza kukupa 120 mwanzoni, na itawaka tu. IST ile ilisoma 40, 0, 35 na 60.

Mimina kijiko cha oili kwenye kila silinda, pima tena. Namba ikipanda sana, shida ni ringi au kuta zilizooshwa na petroli. Isipopanda, angalia valvu na taimingi. Silinda mbili zinazopakana zikiwa chini, zingine nzuri, shuku gasketi ya hedi. Kwangu haikupanda hata kidogo.

Hapa naomba mafundi wenzangu tusikilizane. Ukisaga valvu na siti zake, valvu inazama ndani ya hedi na ncha yake inapanda juu, inasogelea kamshafti (shafti inayofungua valvu). Nafasi iliyokuwepo inapungua au inakwisha kabisa. Ukifunga bila kupima, valvu haifungi, inabaki wazi kidogo muda wote, na kompresheni inatoka. Kwenye 1NZ-FE nafasi ni milimita 0.15 hadi 0.25 upande wa hewa na 0.25 hadi 0.35 upande wa ekzosi, injini ikiwa ya baridi, kichomo cha kamshafti (sehemu iliyochongoka inayosukuma valvu) kikiwa kimeangalia mbali na valvu. Fila geji (vibamba vyembamba vya kupimia nafasi) ya bei ndogo tu inakuonyesha. Kwenye IST ile, upande wa ekzosi hata kibamba chembamba kuliko vyote hakikupita.

Injini hii haina shimu (vipande vya kurekebishia nafasi ya valvu). Vinatakiwa vikombe vya unene tofauti, vile vinavyokaa kati ya kamshafti na valvu, au ncha za valvu zisagwe kidogo kidogo. Kama unasaga, saga kwa mashine. Ncha ikikaa upande, kikombe kinaliwa na kelele zinaanza baada ya muda mfupi. Tulisaga, tukapima zote 16, tukafunga. Iliwaka stata ya pili.

Hatua ya 3: Taimingi

Silinda namba moja iwe topu (pistoni imefika juu kabisa), alama ya puli ikae kwenye sifuri, alama za gia za kamshafti zitazame juu pamoja. Zungusha mizunguko miwili, angalia tena. Ukitafuta pingili za rangi za cheni baada ya kuzungusha hutaziona mahali pake, hilo ni kawaida, zinafaa wakati wa kufunga tu.

Ndani ya kava la cheni kuna bamba lenye meno ambalo sensa ya krankshafti inalisoma. Lina alama ya F, nayo inatakiwa itazame mbele. Likigeuzwa, sensa inadanganyika.

Hatua ya 4: Umeme

Tafuta waya za hasi zinazofungwa kwenye injini. Huwa ni vichwa vya duara viwili au vitatu chini ya boliti moja. Vikiachwa vinaning'inia, au vikifungwa juu ya rangi na uchafu, stata inaweza kuzunguka vizuri kabisa na usipate moto wala nozeli kufunguka. Baada ya hapo pitia soketi moja moja: sensa ya krankshafti, ya kamshafti, ya hewa, koili. Ivute kila moja taratibu, isikike imeingia. Angalia waya uliobanwa na kava.

Betri isome volti 12.6 ikiwa imepumzika. Ikishuka chini ya 9.6 wakati wa stata, ichaji kwanza.

Hatua ya 5: Mafuta

Watu wengi huweka swichi ON, wasiposikia pampu wanasema imekufa. Toyota nyingi pampu haifanyi kazi mpaka injini izunguke, kwa sababu kontroli boksi inasubiri habari ya sensa ya krankshafti. Sensa isiposema kitu, pampu inanyamaza na moto haupo. Pima presha kwenye bomba huku mtu anapiga stata. 1NZ-FE inataka PSI 44 hadi 50. Plagi zikitoka zimelowa, kausha, kisha piga stata ukikanyaga pedali mpaka chini, nozeli zitafungwa ili petroli ya ziada itoke.

Maswali ya wanachama

*Mkuu heshima kwako. Yangu ni Corolla 110, injini 5A. Baada ya kubadilisha gasketi ya hedi inapiga risasi kwenye ekzosi na haishiki. Taimingi beliti nimeirudia mara mbili.*

Salama ndugu. Angalia waya za plagi kabla hujaifungua mara ya tatu. Mpangilio ni 1-3-4-2, na mzunguko wa rota ndio unaofuatwa kwenye kofia ya disitributa (kinachogawa moto kwa plagi). Waya mbili zikibadilishana inapiga risasi hivyo hivyo. Siku nyingine zitie alama kabla ya kuchomoa.

*Habari fundi. Nimeita mtu wa mashine ya kupimia, akasema hakuna kosa lolote kwenye kompyuta, basi ninunue kontroli boksi nyingine. Bei yake inanitisha.*

Usinunue, dada yangu. Mashine haioni kompresheni wala nafasi ya valvu. Mwambie aingie kwenye data za moja kwa moja na asome mizunguko ya injini wakati unapiga stata. Ikisoma 200 na kitu, sensa ya krankshafti inaongea. Ikisoma sifuri, rudi hatua ya 3 na ya 4. Kodi P0335 inahusu sensa hiyo hiyo, na P0016 inasema krankshafti na kamshafti hazikubaliani, yaani taimingi. Pia tazama taa ya funguo kwenye dashibodi: ikipepesa hata baada ya kuweka ON, gari halijautambua ufunguo.

*Shikamoo fundi. Hiace ya dizeli, 3L, imetoka kubadilishwa hedi. Inazunguka tu, hata moshi hautoki.*

Marahaba kijana wangu. Kama hata moshi hakuna, dizeli haifiki. Kuna hewa kwenye njia. Piga pampu ya mkono iliyo juu ya filta mpaka iwe ngumu, kisha legeza nati za mabomba kwenye nozeli, piga stata mpaka dizeli itoke bila mapovu, kaza moja moja. Angalia waya mdogo unaokwenda kwenye solenoidi ya pampu, ukiachwa wazi mafuta yanafungwa. Ukianza kuona moshi mweupe na bado haishiki, ndipo upime plagi za hita na taimingi ya pampu. Usiipulizie petroli kwenye njia ya hewa, hita zikiwa za moto inalipuka.

*Je, nikiivuta na gari jingine ili ishike? Ni gia ya mkono.*

Hapana, kaka. Kama valvu zinagusa pistoni, kuvuta kunazipinda zote kwa dakika moja. Toa plagi, izungushe kwa mkono, kisha uniambie geji imesoma ngapi kila silinda.